Dereva wa Boza na Mmea Usiotaka Maji

Kwa miaka ishirini na sita aliendesha boza la maji, lori lenye tangi mgongoni, na mtaa mzima ulimwita Bomba. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni. Hata mkewe alimwita Bomba akiwa amekasirika; akiwa na furaha alimwita mume wangu, na hilo nalo alilisema kwa utani.

Kazi yake ilikuwa na mpangilio usiobadilika. Asubuhi mapema alipeleka boza kwenye kisima kirefu chenye pampu, pembeni mwa mji, akapanda ngazi ya nyuma, akafungua mfuniko na kunusa kabla ya kujaza. Maji yaliyokaa vibaya, alisema, yanajisema yenyewe puani. Akitoka hapo alikwenda hospitali, kisha shule, kisha mitaa ambayo mabomba yake yalikuwa makavu. Alijua kiasi cha maji tangini kwa kuligonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Na hakuweza kupita penye ndoo tupu bila roho kumuuma. Ukimkuta ameegesha mahali pasipokuwa kwenye ratiba, mpira umeingia kwenye pipa la mtu, usiulize. Ameona bibi amesimama na dumu.

Mkewe alimpata hospitali, na si kwa ugonjwa. Yule mama alikuwa mshonaji wa chumba cha mashuka. Alishona mashuka, alitia viraka mablanketi, alipinda ncha za vitambaa vya chumba cha upasuaji. Siku moja mpira wa boza ulichomoka kwenye koki ukarusha maji juu ya mashuka yaliyoanikwa uani. Dirisha likafunguka.

"Wewe wa maji," sauti ikasema, "hayo yalikuwa yamekauka."

Bomba akafunga koki, akaomba radhi, akasimama pale juani mpaka mashuka yakakauka upya. Miezi minane baadaye walioana.

Mmea uliingia nyumbani kwao mwaka wa kumi wa ndoa. Mdogo wa mkewe alikuwa mwalimu katika shule ya bweni huko juu milimani, mahali ambapo asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda na maua huota kwenye nyufa za miamba. Aliposhuka likizo alimletea dadake zawadi ndani ya boksi la viatu: vichwa vitatu vidogo vya majani manene yaliyobanana kama waridi lisilotaka kufunguka, kijani, na ncha nyekundu. Hapakuwa na udongo hata chembe. Boksi lile lilisahauliwa chini ya kitanda siku kumi na saba. Lilipokumbukwa, vile vichwa vilikuwa vimesinyaa kidogo, lakini vizima, na kwenye kimoja kitoto kilikuwa kimechungulia ubavuni.

"Huyu ni sugu," mkewe akasema, na jina likaganda.

Akamtaka Bomba amletee matofali yaliyovunjika, kokoto na mchanga wa chengachenga, akajenga tuta nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa jiko unaopigwa jua toka asubuhi. Alilijenga kwa mteremko ili mvua ipite bila kutuama. Bomba aliegemea mlango akitazama.

"Na udongo?"

"Hautaki udongo."

"Basi unakula nini?"

"Hewa na maneno yako."

Jirani yao, fundi viatu, ambaye meza yake ya kazi ilikuwa barazani na masikio yake popote penye habari, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama shemeji yake, mke wa Bomba, sasa anapanda mawe, na kama ni hivyo atavuna lini nyumba. Lakini Sugu aliongezeka. Kila kichwa kilizaa vitoto, vitoto vikashika nafasi kati ya kokoto, na baada ya miaka mitano tuta zima lilikuwa limefunikwa kama zulia. Kiangazi kilipokausha hata magugu, majani ya Sugu yalijikunja yakawa mekundu zaidi, yakatulia. Mkewe hakumwagilia. Alikwenda kila asubuhi, aliinama, alitoa majani makavu ya chini kwa vidole vyake vya mshonaji, akarudi jikoni kuweka chai. Bomba alimwona akienda na alimwona akirudi. Alichokuwa akifanya huko hakukifuatilia. Kila mtu na idara yake.

Mwaka huu mkewe aliugua kifua. Wiki tatu tu. Katika wodi alilala juu ya shuka ambalo huenda alilishona mwenyewe, na mumewe alikaa kando na kofia mapajani. Siku ya mwisho mama yule alifumbua macho akasema, "Sugu."

"Niko hapa," Bomba akasema, maana hakusikia vizuri.

"Mtunze Sugu."

"Nitamtunza."

Alionekana kama ana neno jingine, ila pumzi haikutosha, na muuguzi akaja kurekebisha mto. Mungu alimwita alasiri ile, Alhamisi. Hakuna kingine alichomwomba mumewe. Si nyumba, si watoto, ambao walikuwa wakubwa na wana kazi zao mbali. Alimwomba kitu kimoja, naye akakubali.

Basi Bomba akatunza kwa njia aliyoijua.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha boza alijaza keni ya kumwagilia mpaka shingoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya tuta na kumwaga polepole, akianzia juu. Alisali palepale. Alimwombea mkewe mahali pema, akawaombea watoto, akamshukuru Mungu kwa siku, na sala ilipofika mwisho keni nayo ilikuwa tupu. Hizo ndizo dakika chache za siku ambazo kifua chake kililegea. Jumapili, kwa kuwa hakuwa na haraka, alimwaga mbili.

Wiki ya tatu majani yalinenepa. Akafurahi. Wiki ya nne rangi nyekundu ilitoweka, yakawa meupemeupe na kung'aa kama yaliyochovywa kwenye mafuta. Wiki ya tano ya chini yakawa kahawia. Bomba alikuna kidevu. Kiangazi kilikuwa kikali. Akaona bila shaka ni kiu, akaongeza keni ya jioni. Wiki ya saba alishika kichwa kimoja kukigeuza, na chote kikamjia mkononi, chepesi, kimelowa, kinanuka kama kitambaa cha kufutia vyombo kilichosahauliwa. Chini hakukuwa na mizizi. Kulikuwa na uji.

Alikirudisha mahali pake, akakibana kwa kokoto kisimame, akaenda kazini. Siku hiyo kisimani alisahau kunusa.

Jioni ile simu ililia. Shemeji yake, yule mwalimu.

"Shemeji, nashuka Jumamosi."

"Karibu sana."

"Huku shuleni wamejenga bweni jipya. Tingatinga limepita juu ya mwamba wangu wote. Sugu wangu wamekwisha, hata mmoja hakubaki. Nakuja kuomba vitoto viwili vitatu vya dada."

Bomba alitazama ukuta wa sebule. "Njoo tu," akasema.

Kati ya Jumatano na Jumamosi alifikiria mambo mengi, likiwemo la kupata safari ya ghafla. Alifikiria pia kusema ni wadudu. Ijumaa alipiga magoti kando ya kitanda akaomba, si kwamba mmea upone, bali apewe ulimi wa kusema kweli. Alijua kwamba asipoomba hilo atasema wadudu.

Shemeji alifika na mkoba mmoja na boksi tupu. Hakukaa. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa amesimama, akaenda nyuma ya nyumba. Bomba alimfuata kwa mbali, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwalimu aliinama. Alibonyeza kichwa kimoja, akabonyeza cha pili, akanusa vidole.

"Shemeji, umemwagilia?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya leo?"

"Ya leo. Na ya jana. Kila asubuhi tangu tumzike."

Mwalimu aligeuka polepole. "Kiasi gani?"

"Keni moja. Jumapili mbili." Akaona kwamba ulimi alioomba amepewa, akamalizia. "Na hizi wiki mbili nimeongeza ya jioni."

Mwalimu alikaa juu ya tofali. Alifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na Bomba akadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akawa analia kweli, halafu vyote viwili pamoja.

"Nilidhani Mungu ameshaahidi hataleta gharika nyingine," akasema akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe kazi amepewa Bomba."

"Aliniambia nimtunze. Kitu kimoja tu aliniambia, shemeji. Kimoja. Nacho nimekioza."

"Alikwambia utunze. Hakukwambia unyweshe."

"Kutunza bila maji kukoje?"

Aliuliza kwa dhati. Mwalimu alimtazama, akaona kwamba mtu huyu katika maisha yake hakuwahi kuhitaji jibu la swali hilo.

"Mimi mwenyewe," mwalimu akasema kwa upole, "mwaka wa kwanza kule juu niliwafunika kwa blanketi wasipate baridi. Dada alinitukana kwenye simu mpaka salio likaisha. Nusu walioza. Leta kisu cha jikoni. Chenye makali, usilete cha siagi."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Waling'oa zulia lote, kichwa baada ya kichwa. Mwalimu alikata shina kutoka chini, slesi kwa slesi, akitafuta mahali ambapo nyama ya mmea ni nyeupe na ngumu. Palipokuwa na kahawia alikata tena. Palipokuwa na kahawia mpaka kwenye moyo alitupa. Rundo la kutupwa lilikua, lile la kubaki likawa halionekani. Bomba alihesabu kimyakimya. Kwenye tuta lililokuwa na zaidi ya vichwa mia, walibaki watano, kila mmoja mdogo kama kifungo cha koti.

Mwalimu aliwapanga juu ya tofali kavu chini ya upenu, penye kivuli na hewa.

"Wakae hapa siku nne, vidonda vikauke. Halafu unawaweka juu ya kokoto, usiwafukie, unawakalisha tu kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Halafu wiki tatu hakuna maji."

"Wiki tatu."

"Hata tone. Watasinyaa, utaona kama wanakufa. Waache. Mmea ukiona hauletewi kitu, unatoa mizizi kwenda kutafuta. Ukiuletea, unakaa tu kungoja. Wiki ya tatu ikiisha, shika mmoja kwa vidole viwili, uvute taratibu. Akija, hana mizizi. Akikataa, ameshika."

Bomba aliwatazama wale watano. "Wachukue wote," akasema. "Wewe unajua. Mimi sifai."

Mwalimu alikuwa tayari ameshafungua boksi. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Alitazama tuta tupu, kokoto zilizochimbuliwa, ukuta wa jiko wenye alama ya kijani ya unyevu ambao haukupaswa kuwepo.

"Hao ndio wa mwisho wa dada," akasema. "Nikichukua wote wakafa njiani, ndio basi. Ukibaki nao wote ukawanywesha, ndio basi. Nachukua wawili. Wewe baki na watatu."

"Shemeji, nimeshakosea mara moja."

"Ndiyo. Kwa hiyo jinsi ya kukosea unaijua. Usirudie ileile."

Akaondoka Jumapili baada ya ibada. Siku ya nne Bomba aliwakalisha wale watatu juu ya kokoto. Siku ya tano asubuhi alijikuta amesimama mbele yao na keni iliyojaa mkononi, na hakukumbuka kuijaza. Alirudi, akamwaga maji kwenye ndoo ya kufulia, akatoka na keni tupu mpaka barazani kwa fundi viatu.

"Jirani, nitunzie hii."

Fundi alitoa misumari mdomoni. "Ina tundu?"

"Haina. Nitunzie wiki tatu. Nikija kuiomba, usinipe."

"Yaani Bomba anakuja kwangu kuomba nimnyime maji."

"Ndivyo."

"Haya, ngoja niwaite mashahidi," fundi akasema, lakini hakuita mtu. Alimtazama jirani yake usoni, akaichukua keni na kuisukuma chini ya meza, nyuma ya mabuti yasiyo na soli.

Siku ya tisa Bomba alikwenda. Majani yalikuwa yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyekaa sana kwenye maji, jambo ambalo lilimchanganya zaidi.

"Nipe kidogo tu, ya kuoshea vioo vya gari."

"Vioo vya gari oshea maji ya gari. Lina lita elfu kumi."

"Wewe jirani una roho ngumu."

"Nimeajiriwa. Nenda kazini."

Akaenda. Asubuhi zile zilikuwa ndefu. Sala yake ilikosa mahali pa kushika. Mikono haikujua ikae wapi. Mwanzoni aliiharakisha, akaona aibu. Baadaye alianza kuchuchumaa mbele ya tuta kama alivyokuwa akifanya mkewe, akitoa jani kavu moja, akisema maneno machache, akinyamaza. Alimwambia Mungu samahani kwa zile wiki saba za kumwaga, kisha akagundua kwamba hakuwa amemwomba mkewe samahani, akamwomba na yeye, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, mawingu yalikusanyika. Kiangazi kilikuwa kimevuta miezi mitano na mtaa mzima ulikuwa ukiyaomba mawingu hayo. Bomba alikuwa hospitali, mpira umeunganishwa, maji yanapanda kwenye tangi la wodi ya wazazi. Upepo ulinuka mvua. Alitazama juu, akatazama koki. Tangi lilikuwa halijafika nusu, na ndani kulikuwa na akina mama na watoto wa siku mbili. Hakuweza kufunga. Akampigia fundi viatu.

"Jirani, nenda nyuma kwangu ufunike."

"Nifunike nini? Watu wanatoa ndoo nje huku, wanapanga mstari chini ya bati."

"Wale watatu. Kwenye tuta. Wasipate mvua."

"Bomba, mwaka mzima unatuletea maji kwa gari. Leo Mungu analeta ya bure, unataka nifunike."

"Ndugu yangu, nakuomba."

Fundi alisikia sauti ile, akaacha mzaha. Bomba alisikia kiti kikisukumwa, kisha simu ikakatika. Matone ya kwanza yalipiga paa la boza, makubwa na machache, kisha mvua ikamwagika. Alisimama na mkono kwenye mpira, amelowa, akiusikiliza mtetemo wa maji yanayopanda, na hakuondoka mpaka tangi lilipotoa ile sauti nzito ya kushiba.

Alipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Njia nzima watoto walikuwa wakiruka kwenye madimbwi. Nyuma ya nyumba alimkuta fundi viatu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelowa chapachapa. Ubao wa meza yake ya kazi, wenye alama za nyundo na gundi, ulikuwa umelazwa juu ya matofali mawili kama paa.

"Nina viatu vinne vya watu vimelala chini," fundi akasema. "Mwenye navyo akija, utamweleza wewe."

Wakainua ubao pamoja. Chini yake kokoto zilikuwa kavu, na wale watatu wamekaa vilevile, wamekunjamana, vumbi juu yao.

"Hawa ndio waliotufanya hivi," fundi akasema. "Hata hawavutii." Lakini aliinama kuwatazama kwa muda, na alipoondoka alipita pembeni ili asikanyage.

Wiki tatu zikatimia. Bomba alingoja jua lipande kwanza. Alichuchumaa. Kichwa cha kwanza alikishika kwa vidole viwili akavuta taratibu, nacho kikaja, kikavu, chepesi. Akakiweka kando. Alikaa kidogo kabla ya kushika cha pili. Hicho nacho kilisogea, kikaonekana kama kitafuata mwenzake, kisha kikagoma. Akavuta tena kidogo. Kilivuta na chenyewe, kwa nguvu ndogo sana lakini ya kweli, kama mtoto anayeshikilia kidole. Cha tatu hakikusogea kabisa, na katikati yake, kati ya majani yaliyosinyaa, kulikuwa na jani jipya lenye ncha nyekundu.

Alipiga simu palepale, bado amechuchumaa.

"Shemeji. Mmoja amekuja. Wawili wamekataa."

"Wamekataa kabisa?"

"Kabisa. Na wako?"

"Wangu mmoja ameshika. Mwingine bado namwangalia." Akasikika akivuta pumzi. "Mungu ni mwema. Umevuta mara ngapi?"

"Huyu wa pili mara tatu. Wa tatu," akahesabu, "mara nne. Nilitaka kuhakikisha."

"Shemeji."

"Naam."

"Acha kuvuta."

"Nimeacha," akasema, akaondoa mkono.